Mwekezaji wa vyumba asisahau ua

Katika kila mji wenye chuo kikuu humu nchini limezuka soko lisilo na mnada wala bei zilizobandikwa ukutani, nalo ni soko la chumba cha kupanga. Ukishuka Juja na kuelekea Gachororo, ukizuru Njokerio karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, au ukipita Lurambi mjini Kakamega, utaona safu baada ya safu za vyumba vilivyotazamana kwa karibu kiasi kwamba mtu akikohoa katika hiki, wa kile humpa pole. Nimekuwa na mazoea ya kuuliza mwenye ploti ni nani kila ninapowatembelea wanafunzi wangu wanapougua. Mara nyingi nimejibiwa kwamba ni mwalimu fulani wa shule fulani, aliyechukua mkopo katika chama cha ushirika wa akiba na mikopo.

Basi katika biashara hii mwalimu ndiye anayekopa na mwanafunzi ndiye anayelipa, na wote wawili husoma ukurasa huu. Ndiyo sababu nimeona vyema kulizungumza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mawakala wa ardhi na wahasibu. Sina nia ya kumvunja moyo mtu yeyote aliyekusudia kuwekeza katika nyumba ndogo. Kinyume chake, naamini kwamba ni njia ya halali na ya busara ya kujitengenezea uzee. Lakini naamini pia kwamba anayejenga vyumba kumi na kusahau ua, maji, choo na mapatano amejinunulia hasara itakayomjia polepole, na atakayeionja kwanza ni mpangaji.

Nianze na taaluma yangu. Neno ploti lilitujia kutoka Kiingereza likiwa na maana ya kipande cha ardhi kilichopimwa. Katika matumizi ya mijini maana hiyo ilihama. Mkazi wa Kawangware anaposema kwamba yeye na mwenzake wanaishi ploti moja, hazungumzii ekari wala hatimiliki. Anazungumzia lango moja, mfereji mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo, na zamu ya kuosha choo iliyoandikwa kwa chaki mlangoni. Anaposema watu wa ploti, anataja jumuiya iliyo na desturi zake: saa ya kufunga lango, sauti ya redio isiyovuka kiasi, mchango mmoja wao anapofiwa. Ardhi imekuwa watu. Sijui kama wanaofanya biashara hii wametambua kwamba lugha imekwisha kuwaambia wanauza nini.

Vivyo hivyo kitenzi kupanga. Ni kuweka vitu katika utaratibu, na ni kukaa katika nyumba ya mtu kwa malipo. Kodi nayo ni ya serikali na ni ya mwenye nyumba, neno moja kwa mabwana wawili ambao hakuna anayewapenda mwisho wa mwezi.

Nimesikia wenzetu waliosafiri wakisimulia habari za vijumba vya Marekani, ambavyo hujengwa kwa makundi kwenye uwanja mmoja na kupangishwa, kana kwamba ni uvumbuzi mpya ambao yatupasa kuuleta kwetu. Kiambatisho kimoja cha kanuni za ujenzi za huko, cha mwaka 2018, kinaeleza kwamba nyumba ndogo ni ile isiyozidi futi 400 za mraba. Chumba cha kawaida cha kupanga hapa kwetu ni futi kumi kwa kumi. Yaani vyumba vinne vya Gachororo vyaingia katika kile ambacho Mmarekani anakionea huruma kwa udogo wake. Hatuna haja ya kufundishwa udogo. Tunachopungukiwa ni kile kilichokuwa kikiuzunguka udogo huo zamani, na ambacho babu zetu walikijua bila ya mchoro wa mhandisi.

Tazama nyumba ya Kiswahili ya mitaa kama Majengo, Mombasa. Mbele ni baraza. Ndani ni ukumbi mrefu unaogawa vyumba, kwa kawaida vitatu huku na vitatu huku. Nyuma ni ua, wenye jiko, choo, mahali pa kufulia na pa kuota jua. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Hata ardhi yenyewe aghalabu si yake, kwa maana Mombasa ina utaratibu wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu humiliki kuta na paa lakini akamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Vyumba vile ni vidogo, wala hakuna anayedai kwamba vilikuwa kasri. Lakini mpangaji hakupanga chumba peke yake. Alipanga na baraza ya kuzungumzia jioni na ua wa kupikia.

Pumwani ya Nairobi, iliyotengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika, ilifuata mtindo uo huo. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kiitwacho The Comforts of Home, ameeleza jinsi wanawake walivyoyachukua mapato yao ya mjini, yakiwemo ya ukahaba, wakayawekeza katika nyumba za kupangisha na kujipatia heshima na usalama ambao ndoa na mashamba havikuwapa. Wawekezaji wa kwanza wa vyumba vya kupanga jijini, kwa hiyo, walijumuisha wanawake hao. Jambo ninalotaka msomaji alishike ni kwamba aghalabu waliishi mumo humo katika nyumba zao. Choo kikifurika, harufu ilimfikia mwenye nyumba kabla ya malalamiko.

Baada ya uhuru serikali nayo ilijaribu. Mwaka 1975 ulianzishwa mradi wa Dandora kwa msaada wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000 hivi vya kati ya mita 100 na 160 za mraba, kila kimoja kikiwa kimefikishiwa maji na bomba la majitaka. Aliyepewa kiwanja alitazamiwa kujenga vyumba kwa nguvu zake mwenyewe, kidogo kidogo, huku akipangisha baadhi yake ili alipe deni. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi, na kwa miaka kadhaa ulikuwa mzuri hata kwenye ardhi. Kisha kodi ikapanda kuliko subira. Mwenye kiwanja akauza au akahamia kwingine, ua ukajengwa vyumba, juu ya vyumba ikapandishwa ghorofa, na bomba lililokusudiwa familia mbili tatu likabebeshwa mzigo wa watu wa mtaa mzima.

Tangu hapo Nairobi imejifunza kujenga vyumba juu ya vyumba, katika Huruma, Umoja na Pipeline, hadi ukipita chini mchana unadhani ni magharibi. Aprili 29, 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo moja la ghorofa lililojaa vyumba vya kupanga huko Huruma liliporomoka na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limejengwa kando ya mto, nalo lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa halifai kukaliwa na watu. Kodi ilikuwa ikilipwa.

Mtafiti Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha 2011 kiitwacho Tenement Cities, ameilinganisha mitaa hii ya Nairobi na Berlin ya karne ya 19, mji ambao nao ulijazwa majengo marefu ya vyumba vya wafanyakazi na wawekezaji wa kibinafsi. Wenye nyumba wa Berlin hawakuwa na sifa ya ukarimu. Hata hivyo kanuni ya ujenzi ya mji huo ya mwaka 1853 iliwalazimisha kuacha ua usiopungua mita 5.34 kila upande, ili gari la zimamoto lipate mahali pa kugeukia. Kipimo hicho kilikuwa kidogo mno, na wakosoaji wa wakati ule walikilalamikia. Lakini fikiri, msomaji, ni ploti ngapi katika mji wako wa chuo ambazo gari lolote, seuze la zimamoto, laweza kuingia na kugeuka? Mimi nimezihesabu nyingi ambazo jeneza halipiti ila limesimamishwa wima.

Sasa niingie katika hesabu, maana najua mwalimu wa hisabati amekuwa akinisubiri.

Ndugu yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alinijia na karatasi aliyokuwa amepiga hesabu zake. Vyumba kumi, kila kimoja shilingi 4,000 kwa mwezi, ni shilingi 40,000. Kwa mwaka ni 480,000. Gharama ya kujenga ni shilingi 250,000 kwa chumba, yaani milioni mbili na nusu, na kiwanja tayari anacho. Kwa miaka mitano na ushei, akasema, nyumba imejilipa. Nilimwomba ruhusa ya kuigeuza karatasi ile.

Kwanza, mwanafunzi hakai miezi kumi na miwili. Mihula miwili ya masomo, hata ukiiongezea siku za mitihani, haizidi miezi minane au tisa, na likizo inapofika wengi huhama na godoro lao ili wasilipie chumba kisicholaliwa. Tuseme miezi minane. Kodi ya mwaka imekuwa shilingi 320,000. Pili, anayepokea zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka kutokana na nyumba za makazi anatakiwa kuilipa serikali ushuru wa asilimia 7.5 ya mapato yote kabla ya kutoa gharama, kiwango kilichoanza Januari 2024 baada ya kuteremshwa kutoka asilimia 10. Hiyo ni shilingi 24,000. Zimebaki 296,000. Tatu, mkopo wa milioni mbili na nusu kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio, ukilipwa kwa miezi 60, riba yake ya mwaka wa kwanza pekee ni kama shilingi 272,500. Zimebaki 23,500. Hapo bado hatujamlipa msimamizi, hatujanunua maji ya lori bomba linapokauka, hatujabadilisha kitasa kimoja. Na deni lenyewe, ile asili ya mkopo, linadai shilingi 500,000 kwa mwaka huo huo.

Zitatoka wapi? Zitatoka katika hati ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato yapite theluthi mbili ya mshahara, na walimu wengi wanaijua theluthi hiyo iliyobaki kama wanavyoijua sauti ya kengele. Mtu anayeishi kwa theluthi moja kwa miaka mitano humgeukia mpangaji kwa jicho jingine. Hapo ndipo ua unapojengwa chumba cha kumi na moja, na cha kumi na mbili kikajengwa pale palipokuwa pawekwe tangi. Ukali wa wenye ploti wengi, kwa maoni yangu, hautokani na roho mbaya. Umetokana na karatasi iliyohesabu miezi kumi na miwili.

Aidha, wanafunzi wenyewe si mto usiokauka. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 165,000 walipata alama ya C+ na zaidi katika mtihani wa kidato cha nne. Mwaka uliofuata, udanganyifu ulipobanwa, walikuwa 88,929, na mwaka 2017 wakawa 70,073. Serikali ikawachukua karibu wote waliofuzu kwa ufadhili wake, na wale waliokuwa wakijilipia masomo, ambao wengi wao walikaa nje ya mabweni, wakapungua ghafla. Vyuo vikafunga baadhi ya mabewa ya mijini. Waliokuwa wamekopa kujenga karibu na mabewa hayo wakabaki na vyumba vya kuku. Miaka michache baadaye, Machi 2020, vyuo vyote vilifungwa kwa sababu ya korona, na nilipita katika mtaa mmoja wa wanafunzi nikakuta ukimya ambao sikuwa nimewahi kuusikia pale: milango imefungwa na nyasi zimeanza kuota penye njia. Kule ambako ploti ilikuwa na familia, mafundi na wauza mboga pamoja na wanafunzi, pigo lilikuwa jepesi kidogo. Mama wa mboga hana likizo. Anayejenga vyumba kwa ajili ya wanafunzi peke yao amekiweka chungu chake juu ya jiko la mtu mwingine.

Nimesema mengi kwa upande wa mwekezaji. Upande wa mpangaji nitausema kwa kisa kimoja. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne alikuwa akikamilisha utafiti wake kuhusu majina ya samaki katika lahaja mbili za pwani. Fedha za mkopo wake wa masomo zilichelewa, naye akawa na deni la kodi la miezi miwili. Siku tatu kabla ya kuwasilisha kazi, alikuta kufuli jingine mlangoni juu ya lile lake. Ndani mlikuwa na madaftari yake, tarakilishi aliyoazimwa, na nguo zote isipokuwa alizovaa. Mwenye nyumba hakupatikana kwa simu. Msimamizi alisema ameagizwa tu. Alikuja ofisini kwangu saa mbili asubuhi, akasimama mlangoni bila kubisha hodi. Tulichangishana wahadhiri watatu, kufuli likatoka. Kazi yake ilikuwa nzuri sana, lakini aliichelewesha, akahitimu mwaka uliofuata.

Sheria ilikuwa wapi? Tunayo Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, yenye baraza lake la kuamua ugomvi baina ya mwenye nyumba na mpangaji, na inayokataza mtu kutolewa katika nyumba bila amri. Lakini inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chumba cha shilingi 4,000 kiko nje ya ukuta huo. Mwaka 2021 uliletwa mswada wa kuunganisha sheria hizi na kuzifanya za kisasa, lakini haukufika mbali. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yafaayo na usafi wa kiasi cha kuridhisha. Haki hiyo ni kubwa kuliko kufuli, ila kufuli liko karibu zaidi.

Wala nisieleweke kwamba wapangaji wote ni malaika. Wapo wanaohama usiku wa manane wakiacha deni na taa inayowaka. Wapo wanaogeuza chumba cha mtu mmoja kuwa bweni la watu watano na kushangaa choo kinapoziba. Mwalimu aliyeikopea nyumba ile naye ana watoto.

Basi nadhani mahali pa kuanzia ni kwa wanaotoa mikopo. Vyama vyetu vya akiba na mikopo huangalia mambo mawili: akiba ya mwanachama, ambayo kwa kawaida huzidishwa mara tatu, na wadhamini wake. Havimuulizi anajenga nini. Afisa wa mikopo angemtaka mwombaji alete mchoro uliopigwa muhuri na kaunti, na katika mchoro huo amwonyeshe kwa kidole ua uko wapi, tangi liko wapi, na majitaka yanakwenda wapi, angekuwa ameilinda fedha ya wanachama wengine pia, kwa sababu ploti isiyo na maji huhamwa, na ploti inayohamwa hailipi mkopo. Vilevile angemtaka apige hesabu kwa miezi minane. Walimu kadhaa wakiungana kununua ekari moja na kujenga pamoja, kisima kimoja na mlinzi mmoja vitawatosha, hali kila mmoja akijenga peke yake atajikuta hana hata nafasi ya kisima. Ndugu yangu na wenzake wanne wameanza mazungumzo ya namna hiyo. Wanagombana kuhusu jina la kampuni, jambo linaloonyesha kwamba wako makini.

Jambo la pili ni mkataba. Wengi wa wapangaji wanafunzi hawana karatasi yoyote ila risiti, na wenye karatasi wamepewa Kiingereza cha mawakili ambacho aliyekitia sahihi hakukisoma na aliyekitoa hakukielewa. Ndugu yangu aliniomba nimwandikie mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili sanifu. Niliandika mpangaji na mpangishaji, kila mmoja na wajibu wake: nani hulipa maji, nani huzibua choo, notisi ni ya mwezi mmoja kwa pande zote mbili, hakuna mlango utakaotiwa kufuli la pili. Nilipofika kwenye zile fedha za awali ambazo watu huita dipoziti, nilisita. Dipoziti, katika kinywa cha wapangaji wengi, ni pesa zilizokwisha kupotea. Nikaandika amana. Amana ni mali ya mtu uliyokabidhiwa uitunze na uirudishe, na anayekula amana ana jina lake.

Ndugu yangu aliisoma kalamu mkononi. Nilikuwa nimeandika kwamba amana ya kodi ya mwezi mmoja irudishwe katika muda wa siku 14 baada ya mpangaji kuhama, ikiwa hakuna uharibifu. Alisema siku 14 ni chache, maana fedha hizo atakuwa amezitia katika saruji. Nikamwambia hilo ndilo neno linalozungumzwa. Akafikiri, akafuta, akaandika 30. Tukaafikiana siku 21, naye akaongeza kwa mwandiko wake kwamba amana zote zitawekwa katika akaunti ya peke yake.